Damu kwenye nepi, na kesi waliyoyafungulia maziwa yangu

Saa kumi na moja alfajiri umeme umekatika, nimeishika simu kwa meno ili taa yake imulike kitandani, nafungua nepi. Mtoto ana wiki sita na siku mbili. Choo chake kilikuwa cha njano kama kawaida, kama kiini cha yai kilichovurugwa, ila katikati palikuwa na ute, na ndani ya ute nyuzi nyekundu tatu nne, nyembamba kama uzi wa cherehani. Nikaipeleka nepi dirishani, nikangoja kupambazuke, nikidhani labda taa ya simu inanidanganya. Haikunidanganya. Mtoto mwenyewe hana habari, anarusha miguu, amening'ang'ania kidole, na dakika tano baadaye anataka kunyonya.

Hadi saa nne kesi ilikuwa imeshapata mahakimu watatu, na wote walimtia hatiani mshtakiwa yuleyule: maziwa yangu.

Hakimu wa kwanza ni mama mkwe, aliyeshuka kutoka Kibosho kuja kunitunza baada ya kujifungua kwa kisu. Alisema chango. "Maziwa yako yamekuwa mazito, mwanangu, yanamkata tumbo." Akaanza kuulizia ni wapi katika Dar hii anaweza kupata mizizi fulani ya kuchemsha. Wa pili ni jirani wa nyumba ya nyuma. Huyu hakuniambia mimi. Alimwambia dada wa kazi, na dada akaniletea habari pamoja na chai: mtoto amebemendwa.

Waliokulia uswahilini hawahitaji kuelezwa neno hilo. Kwa wengine: mtoto wa kunyonya akiharisha au akidhoofika, husemwa wazazi wamekutana kimwili kabla ya wakati, au mmoja wao katoka nje ya ndoa, na maziwa ya mama yakaharibika, yakamharibu mtoto. Nilikuwa na kidonda cha upasuaji cha wiki sita. Hata kucheka kulikuwa kunauma. Lakini tuhuma ya kubemenda haihitaji ushahidi, na nilijikuta namtazama baba yake mtoto kwa jicho ambalo hakustahili.

Wa tatu alivaa koti jeupe. Zahanati siitaji, na yule kijana simtaji. Alikuwa na foleni ya watu arobaini nje. Aliitazama nepi kwa nukta mbili, akasema maziwa yangu yanamkataa mtoto, nimwachishe leo, nimpe ya kopo. Nikatoka pale hadi duka la dawa, nikashika kopo. Ningependa kuandika kwamba niligeuza kopo nikasoma viambato, nikagundua kitu. Nilisoma bei. Hela haikutosha, nikalirudisha kwenye rafu, na mpaka leo nashukuru umaskini wangu wa siku ile. Kopo lile, kama makopo mengi ya maziwa ya watoto, limetengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe.

Kesho yake tulikwenda kwa daktari bingwa wa watoto, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alimvua mtoto nguo zote. Akamtazama njia ya haja kubwa kama ana mchaniko, akauliza kama alichomwa sindano ya vitamini K, ile ya kuzuia kutoka damu, alipozaliwa, akamminya tumbo taratibu, akatuma choo maabara, akampima uzito. Mtoto alikuwa ameongezeka vizuri, mstari kwenye kadi ya kliniki unapanda kama ngazi. Ndipo akaweka kalamu chini, akauliza swali ambalo hakuna hakimu aliyeuliza.

"Mama, wewe unakula nini?"

Nikaanza kutaja. Asubuhi chai ya maziwa, vikombe viwili. Saa nne uji wa ulezi, ambao mama mkwe anaukoroga kwa maziwa na kuutia siagi. Mchana mtori, na mtori wa mama mkwe nao haumalizwi bila kumiminiwa maziwa. Jioni bilauri ya mgando. Usiku, nikiamka kunyonyesha, chupa ya chai iko kando ya kitanda, ya maziwa. Nilivyokuwa nahesabu kwa vidole nikaona daktari anazuia kicheko. Lita moja na zaidi kwa siku. Kwa desturi ya uchagani mzazi ni wa kushiba, na mimi nilikuwa nimeshibishwa kweli.

Alichonieleza nitakieleza kwa namna nilivyokielewa. Mama akinywa maziwa ya ng'ombe, sehemu ndogo sana ya protini za yule ng'ombe hupenya utumbo wake ikiwa nzima nzima, huingia kwenye damu, na kutoka damu huingia kwenye maziwa ya kifua. Mojawapo inaitwa beta-laktoglobulini. Binadamu hatutengenezi protini hiyo kabisa, kwa hiyo ikionekana kwenye maziwa ya mama, imetoka kwa ng'ombe tu. Kiasi chake hupimwa kwa nanogramu, yaani sehemu za bilioni moja za gramu. Kwa watoto walio wengi kiasi hicho hakiwafanyi chochote. Kwa wachache, kinga ya utumbo mchanga inakiona ni adui, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana inavimba kidogo, inatoa ute na michirizi ya damu. Mtoto mwenyewe anaendelea kunenepa na kucheka. Ni mzio wa protini, aleji kama tunavyosema mtaani, lakini si ile aleji ya ghafla ya midomo kuvimba.

"Kwa hiyo maziwa yangu ni mabaya?"

"Maziwa yako ni mazuri. Kuna mgeni ndani yake."

Nimeishi na sentensi ile. Tofauti ya maziwa mabaya na maziwa yenye mgeni inaweza kuonekana ndogo kwa asiyenyonyesha. Kwangu ilikuwa tofauti ya kumwachisha mtoto na kubadilisha chai. Fikiria: mtoto anaumizwa na chembe za ng'ombe zisizoonekana hata kwa hadubini, na dawa aliyoandikiwa ni kunyweshwa ng'ombe mzima kwa chupa.

Nikauliza habari ya laktosi, kwa sababu dada mmoja kazini alishaniambia mtoto hapatani na laktosi. Daktari akatikisa kichwa. Laktosi ni sukari, na maziwa ya binadamu yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe. Nikauliza maziwa ya mbuzi, kwa ajili ya mama mkwe, maana nilijua hilo ndilo litakalofuata. Protini za mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe; mtoto anayemkataa mmoja karibu kila mara atamkataa na mwingine.

Basi nikaacha. Chai ya maziwa ni rahisi kuiona, unaisukuma mbali. Tabu ni maziwa yaliyojificha: mkate wa maziwa, maandazi ya jirani, biskuti, majarini nyingine, chokoleti, hata soseji. Nikawa mtu wa kusimama dukani nimegeuza pakiti, nasoma maandishi madogo kama wakili. Daktari alisisitiza nisijiachie na njaa, na kalsiamu nitafute kwingine, ndipo dagaa wa Mwanza wakahamia jikoni kwetu, wanaliwa na miiba yao, pamoja na mchicha na maharage. Mama mkwe alinuna siku mbili. Kupikia mzazi mtori mkavu, kwake, ni sawa na kumnyima.

Siku ya tisa nepi ilikuwa safi. Hapo ndipo wengi wetu huwa tunamaliza hadithi, tunapiga vigelegele, tunaandika ushuhuda. Daktari yeye alinitaka nifanye jambo nililolichukia: baada ya wiki nne ninywe maziwa tena. Sababu yake ni kwamba michirizi ya damu kwa watoto wa umri ule mara nyingi huisha yenyewe, mama ale asile, na wako akina mama wengi wanaojinyima miezi kumi kwa sababu ya kitu kilichokwisha siku ya kumi. Nilikunywa kikombe kimoja Jumamosi, viwili Jumapili. Jumanne nyuzi nyekundu zikarudi. Nililia, halafu nikatulia, kwa sababu sasa nilikuwa najua, sikuwa nabahatisha.

Baadaye, mtoto akilala, nilianza kusoma, na humo nikakutana na kitu kilichonirudisha usiku wa kujifungua. Huko Denmark, watafiti waliwafuatilia watoto 1,749 waliozaliwa mwaka 1985 katika hospitali ya Odense. Waliothibitika kuwa na mzio wa maziwa ya ng'ombe katika mwaka wa kwanza walikuwa 39. Kati yao tisa walikuwa wananyonya tu, kama wangu. Watafiti wakarudi kwenye kumbukumbu za wodi, wakakuta wote tisa, bila kubakia mmoja, walipewa maziwa ya kopo wodini siku za mwanzo.

Nilisoma hilo nikaweka simu chini. Usiku ule wa kisu, nikiwa bado sihisi miguu, niliambiwa mtoto analia, maziwa hayajatoka, wamempa kidogo cha kopo kwa kijiko. Nilishukuru. Nani asingeshukuru? Dang'a yangu, yale matone ya njano mazito ambayo bibi zetu wengine waliyamwaga wakidhani ni usaha, ilikuwa ipo. Nilikuwa sijasaidiwa tu kumweka mtoto kifuani.

Siwezi kusema kijiko kile ndicho kilichosababisha. Watoto tisa ni wachache, na watoto wengi mno hupewa kopo siku ya kwanza wasipate lolote. Tena Wajapani wameongeza utata: huko Okinawa, watoto waliopewa maziwa ya kopo kidogo kila siku kati ya mwezi wa kwanza na wa pili, huku wakiendelea kunyonya, walipata mzio wa maziwa kwa uchache kuliko wale waliokatazwa kabisa. Kinachoanza kuonekana ni kwamba kuonjeshwa siku moja mbili kisha kukatwa huenda ndiko kubaya, kama kubisha hodi kwa mtu ukakimbia. Lakini natamani nesi wa zamu angenisaidia kwanza kumnyonyesha, kopo likabaki kabatini.

Swali ambalo watu huniuliza sana ni lile kubwa: je, kunyonyesha kunazuia aleji? Mwenye haraka atakujibu ndiyo. Imani hiyo ina mizizi mirefu. Mwaka 1936 madaktari wawili wa Chicago, Grulee na Sanford, walitoa takwimu za watoto 20,061: pumu ya ngozi, yaani ukurutu, ilikuwa mara saba zaidi kwa waliolelewa kwa maziwa ya ng'ombe kuliko walionyonya tu. Ni tofauti kubwa, na kwa miaka mingi ilitosha. Shida ni kwamba mama anayenyonyesha na asiyenyonyesha hutofautiana kwa mengi mengine, na mwenye ukoo wa aleji huenda akanyonyesha zaidi kwa sababu ya hofu hiyohiyo, kwa hiyo hesabu zinachanganyika.

Jaribio zuri kuliko yote nililoliona lilifanyika Belarus katika miaka ya 1990, kwa akina mama 17,046 na watoto wao. Hawakugawa watoto wanyonye au wasinyonye, hilo lingekuwa dhambi; waligawa hospitali. Baadhi ziliwekewa mpango wa kusaidia na kuhimiza unyonyeshaji, nyingine zikaendelea na kawaida yake. Upande uliosaidiwa, akina mama walinyonyesha kwa muda mrefu zaidi, na pumu ya ngozi katika mwaka wa kwanza ikawapata watoto 3.3 kwa kila 100, dhidi ya 6.3 upande wa pili. Karibu nusu. Lakini watoto walipofika miaka sita na nusu, kwenye pumu na mizio mingine hapakuwa na faida iliyoonekana.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa nasema hivi: nyonyesha kwa sababu ya kuharisha, kwa sababu ya nimonia, kwa sababu ya kingamwili zinazopaka ukuta wa utumbo wa mtoto, kwa sababu ya zile sukari maalumu ambazo mtoto hazimeng'enyi, zinalisha bakteria wema tumboni mwake. Miezi sita maziwa ya mama tu, kisha endelea pamoja na chakula hadi miaka miwili na zaidi, kama kliniki wanavyotuambia. Sababu hizo zinatosha. Ukiahidiwa kwamba mtoto wako hatapata aleji, umeuziwa kitu ambacho muuzaji hana, na siku mtoto akipata, lawama itarudi palepale, kwenye kifua chako.

Hata kule walikoendelea lawama hii ina toleo lake. Shangazi yangu alizalia Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakati huo, tangu 1998, serikali ya huko iliwashauri akina mama wenye ukoo wa aleji waache karanga wakiwa wajawazito na wakinyonyesha, na mtoto asionjeshwe mpaka afikishe miaka mitatu. Marekani nao madaktari wa watoto walitoa ushauri unaokaribia huo mwaka 2000. Shangazi, mtoto wa Dodoma aliyekua kwa karanga na mlenda wa karanga, alitii. Hakugusa. Binti yake akapata aleji ya karanga hivyohivyo, na shangazi akapekua kumbukumbu zake miaka akitafuta ni lini alikosea, ni kachumbari gani, ni biskuti ipi.

Hakukosea. Ushauri ndio uliokosea. Marekani waliuondoa mwaka 2008, Waingereza 2009. Mwaka huohuo wa 2008 watafiti wa London walilinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wenzao wa Israel. Damu moja, ukoo mmoja, ila wa Uingereza walikuwa na aleji ya karanga mara kumi zaidi: asilimia 1.85 dhidi ya 0.17. Tofauti iliyojitokeza wazi ni mlo. Watoto wa Israel hupewa karanga mapema, hasa vile vitafunio laini viitwavyo Bamba, kabla hata hawajasimama. Profesa Gideon Lack na wenzake wakalijaribu wazo lenyewe kwa watoto 640 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai. Nusu walilishwa karanga kuanzia kati ya mwezi wa nne na wa kumi na moja, nusu wakanyimwa mpaka miaka mitano. Matokeo yalitoka mwaka 2015: walionyimwa, karibu 17 kwa kila 100 walikuwa na aleji ya karanga. Waliolishwa, 3.

Sasa unganisha na ngozi, maana hapa ndipo nilipomwelewa mwanangu. Mwaka 2003 Lack alikuwa ameshaonyesha kwamba watoto wa Uingereza waliopakwa mafuta ya ngozi yenye mafuta ya karanga walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata aleji ya karanga. Na walipochunguza walichokula mama zao wakati wa mimba na kunyonyesha, hawakuona uhusiano. Wazo lililojengwa juu ya hayo ni rahisi hata kumweleza bibi: chakula kikipita mdomoni, mwili hujifunza kuwa ni chakula. Kikipita kwenye ngozi iliyopasuka, mwili hudhani umevamiwa.

Mwanangu kwenye miezi mitatu alianza pumu ya ngozi, mashavu na nyuma ya magoti. Na kila jioni, baada ya kuoga, mama mkwe alikuwa anamchua kwa samli aliyokuja nayo kutoka kijijini, ndani ya chupa ya Konyagi iliyooshwa vizuri. Harufu ile naipenda mpaka leo. Samli nzuri huwa haina protini nyingi za maziwa, lakini ya nyumbani haikosi mabaki, na mashavu ya mtoto yalikuwa wazi, yanatoa majimaji. Nilikaa na chupa ile mkononi siku nzima nikitafuta maneno. Huwezi kumwambia mama wa mume wako kwamba mafuta aliyolelea watoto saba yanaweza kumletea matatizo wa nane.

"Mama," nikasema, "daktari amesema ngozi ya huyu ni ya kupaka vaselina tu mpaka ipone. Samli tumwekee ataila akikua."

Akanitazama. "Ataila?"

"Ataila."

"Haya. Kama ataila." Akaifunga chupa.

Miezi sita ilipofika sikutaka kurudia kosa la shangazi kwa jina jingine. Yai lililochemshwa hadi likaiva kabisa, nikaliponda na ndizi. Karanga zilizosagwa laini kama krimu, nusu kijiko cha chai ndani ya uji, asubuhi, siku ambayo hakuna homa wala mafua, na nikakaa naye saa mbili nzima. Punje nzima usimpe, zinakaba. Kwa kuwa alikuwa na pumu ya ngozi nilimuuliza daktari kwanza, na nakushauri ufanye hivyo kama wako anayo kali. Nesi wa kliniki pia alinikataza ule unga wa lishe wenye nafaka saba na soya na karanga zote ndani: akipata vipele, utajua ni nini kati ya vyote hivyo? Aleji ya ghafla ndiyo ya kuogopwa: midomo kuvimba, vipele vya kuwasha mwili mzima, kutapika mfululizo, kukoroma au kulegea. Hapo hungoji bajaji ya bei nafuu, unakimbia hospitali. Na damu kwenye choo ikija na mtoto anayepiga kelele za maumivu, anatapika, au amelegea, hiyo siyo hadithi hii ninayoisimulia. Hiyo ni ya kukimbia pia.

Yai likapita. Karanga zikapita, tena alilia kijiko kilipoisha.

Maziwa tuliyaacha mpaka miezi kumi na moja. Tulianza na biskuti moja ndogo, kwa sababu moto wa tanuri hubadilisha sehemu ya zile protini na watoto wengi huzivumilia zikiwa zimeokwa. Wiki mbili za biskuti. Kisha andazi la maziwa. Kisha mtindi, kijiko kimoja, viwili, nusu kikombe. Mama mkwe alikuwa ameshuka tena, safari hii kwa ajili ya kipaimara cha mpwa wake, akalala kwetu.

Alfajiri baada ya ile nusu kikombe nilikuwa nimeinama juu ya nepi, simu mdomoni kwa mazoea, ingawa umeme ulikuwepo. Akaingia bila kubisha. Akaniondoa simu mdomoni, akawasha taa ya ukutani, akaichukua nepi, akaiinua hadi usawa wa macho kama mtu anayekagua noti ya elfu kumi.

"Mavi tu, mwanangu," akasema. "Njoo unywe chai."

Nikamfuata jikoni. Alikuwa ameshaimimina, ya maziwa.